Jina Lililotoka Kampala

Watu wa Birere, mutaa wetu hapa Goma, wanapenda kusema muke wa mwanangu alikuwa mujinga. Waseme, midomo ni yao. Lakini wasiseme mbele yangu, maana mimi Mukamugema bado nina sauti, na fimbo bado ninayo. Dancille hakuwa mujinga hata kidogo. Alikuwa anamupenda mume wake, na hayo ni mambo mawili tofauti, ingawa ukiyatazama kwa mbali yanafanana.

Alitoka Kibumba, kule juu kwenye baridi, kwa watu wa kabichi na viazi. Alipoletwa kwetu Goma alikuwa mwembamba, anatembea mbio hata pasipo na haraka yoyote. Mawe meusi ya hapa yalimukata miguu juma la kwanza lote, naye anacheka tu, anasema kwao wanalima udongo, huku kwetu tunalima makaa. Nikamupenda siku hiyohiyo, ingawa sikumuambia. Mama mukwe akisema mapema kwamba anapenda, atapikiwa nini baadaye?

Mwanangu Télesphore hakukaa naye sana. Miaka ile reli ya Waingereza ilikuwa inakaribia Kasese, na vijana wa kwetu walikuwa wanavuka Bunagana kuingia Uganda kana kwamba ng'ambo kuna harusi. Naye akaondoka. Alisema anakwenda kidogo tu, apate ya kujengea nyumba ya mabati, arudi. Alifanya kazi kwenye reli, kisha tukasikia yuko Kampala, jikoni kwa Mwingereza mumoja. Nyuma aliacha mimba changa.

Mutoto akazaliwa, musichana, mwenye paji la uso la baba yake kabisa. Sasa hapa nieleze jambo la jina, maana bila hilo hamutaelewa kitu. Kwetu mutoto mupya anakaa ndani na mama yake hadi siku ya nane. Siku hiyo watoto wa jirani wanaitwa, wanapewa vijiti viwe majembe yao, wanakwaruza udongo mbele ya nyumba kama watu wanaolima shamba. Wanapewa chakula, wanakula na kuchafuka, na kila mumoja anataja jina analomutakia mutoto. Watu wanacheka. Kisha baba anataja la kwake, na hilo ndilo. Padiri naye ana lake. Wetu alibatizwa Victoire, sina neno, ni jina zuri la kuingilia mbinguni. Lakini jina la kuitwa nyumbani linatoka kinywani mwa baba.

Na majina yetu si sauti tu, ni maneno kamili. Mwanangu huyo jina lake la nyumbani ni Nsabimana, yaani, ninaomba Mungu. Baba yake alisema hivyo kwa sababu tulikuwa tumezika wawili kabla yake. Jina ni kitu ambacho baba anamuambia mutoto siku ya kwanza, na mutoto anatembea nacho hadi kaburini.

Basi siku ya nane ikafika. Watoto wakalima, wakala maharagwe, wakataja majina yao ya upuuzi, kisha ikabaki zamu ya baba. Habarurema, mudogo wa marehemu mume wangu, alikuwa ameshuka kutoka Kibati kwa kazi hiyo ya kutaja jina. Akakohoa, akajiweka sawa. Dancille akasimama na mutoto mikononi.

"Papa mudogo, unisamehe," akasema. "Baba yake ni muzima. Tutamungoja."

Wazee wakatazamana. Kweli alikuwa na haki: mutu mwingine akitaja jina mahali pa baba, ni kusema baba amekufa, au ni kama amekufa. Lakini mutoto atakaa vipi bila jina? Nilimufokea. Nikamuambia, "Dancille, huyu si kuku wa kuitwa kuru-kuru." Akajibu kwa heshima zake zote, "Ndiyo, mama," na hakubadili kitu.

Kulikuwa na shoferi mumoja wa kamiyo, Donat Kataliko, Munande wa Butembo, anashusha maharagwe Goma, na mara nyingine anafika hadi Kampala. Mutu mwema sana, ila anapenda kupamba habari. Dancille akamufuata sokoni, akamuomba kitu kimoja tu: amutafute Télesphore, amuambie ana binti, amuulize binti aitwe nani. Hakumutuma nguo, hakumutuma sukari. Alitaka jina.

Tukangoja. Kataliko aliporudi alikuja moja kwa moja nyumbani na vumbi lake lote. Akaomba maji, akanywa, akapangusa mudomo, akatuweka roho juu bila huruma.

"Nilimukuta," akasema. "Nikamupa habari. Akasimama, mama. Akatazama upande wa kwetu huku, macho yakajaa maji. Kisha akasema polepole: ol in gud taim."

"Rudia," nikasema.

"Ol in gud taim. Nimelishika mudomoni tangu Kampala, hata wimbo sikuimba njiani nisije nikalipoteza."

"Ni Kingereza hicho?"

"Eh, mama, mwenyewe si anaishi na Waingereza?"

Nani angekuwa na shaka? Umeuliza jina, umeletewa maneno. Kwetu maneno ndiyo jina. Dancille alimuinamia mutoto, akamuambia sikioni mara ya kwanza, na machozi yakamushuka hadi kwenye nywele za mutoto. Likawa refu mudomoni, tukalikata, tukamuita Gudtaimu. Wanawake wa soko, waliokuwa wanamuita Mama wa Nani kwa kumucheka, sasa wakamuita Mama Gudtaimu. Mungewaona walivyogeuka! Jina limetoka Kampala, si muchezo.

Miaka ikapita na Télesphore hakuja. Habari nyingine pia haikuja. Kila jioni Dancille akimaliza kuuza mboga zake kwenye nyumba za wazungu kando ya ziwa, alipitia barabara ya Rutshuru, mahali kamiyo zinaposimama, anauliza mashoferi. Wengine walikuwa wanamuona kwa mbali na kutingisha kichwa kabla hajafika. Alikuwa anarudi, ananisalimu, anapika, hasemi. Na mimi je? Nilikuwa namutamani mwanangu hadi mifupa inauma. Mutu akikohoa nyuma ya nyumba, moyo wangu unaruka, kisha ninaanza kugomba juu ya kuni, kwamba ni mbichi, ili Dancille asinione.

Kilichokuwa kinamushikilia ni jina lile. "Mama," alikuwa anasema, "mutu aliyesahau hawezi kutoa jina." Na kadiri mutoto alivyokua, akaanza kusema, akaanza kukimbia, ndivyo Dancille alivyotaka kujua jina linasema nini. Baba alimuambia nini binti yake? Hilo lilimukosesha usingizi. Tukamuuliza katekisti Zéphirin, mwenye Kifaransa na Kilatini kidogo. Akashika kidevu, akafikiri sana, akasema huenda ni mutakatifu wa Waingereza. Yesu Maria! Nilimuambia arudi akawafundishe watoto sala.

Ndipo akaja Madamu. Alikuwa Mwingereza, muke wa bwana mumoja aliyekuja kupima moshi wa Nyiragongo, mulima wetu wa moto. Bwana anapanda mulima na vyombo vyake, anakaa huko siku na siku; Madamu anabaki barzani kwenye hoteli, anachora ziwa. Alikuwa amekaa Kenya, akajua Kiswahili cha kule, na alikuwa anakisema vizuri kuliko wazungu wetu. Dancille alimupelekea karoti. Siku ya kwanza akamuuliza anafanya nini pale peke yake muchana kutwa, Madamu akacheka, akasema, "Ninaua wakati."

Dancille alinirudia na neno hilo kana kwamba ameokota shilingi. Mimi nilikasirika. Wakati umemufanya nini hata uuawe? Lakini Dancille aliuliza maana, na Madamu alikuwa mutu anayependa kuulizwa. Tangu hapo kila karoti ilikwenda na swali. Mara mbili tatu nikaenda naye, mutoto mugongoni kwangu, nione huyu muzungu anayeua.

Alitueleza kwamba Waingereza wakisema kitu kimefanyika saa ya kumi na moja, wanataka kusema kimefanyika mwisho kabisa, kidogo kishindikane. Nikasema hilo linajulikana: saa kumi na moja ng'ombe wanarudi, jua linaondoka. Madamu akapiga makofi. Akasema kwao saa yao ya kumi na moja ni kabla ya chakula cha muchana, na Waingereza wengi hawajui neno hilo limetoka wapi. Limetoka Injili, kwa wale vibarua wa shamba la mizabibu walioajiriwa jioni na kulipwa sawa na waliochoka tangu asubuhi.

"Ninyi bado mnahesabu saa kama Yesu," akasema.

Hilo nililipenda, sifichi. Wale wa asubuhi nawaelewa walivyonung'unika, lakini nililipenda.

Siku nyingine akasema mutu akifika wakati uleule hasa unaohitajika, wanasema amefika kwenye mukato wa wakati. Zamani watu walikuwa wanakata alama ndogo kwenye kijiti kwa kisu, kuhesabia, na alama hiyo ni nyembamba sana. Ukifika hapo si mbele wala nyuma. Akasema pia wana neno la mwezi wa bluu. Kwanza lilikuwa neno la upuuzi, la kitu kisichowezekana. Halafu mulima wa moto ukalipuka mahali fulani mbali, vumbi likajaa angani, na watu wakauona mwezi wa bluu kweli. Basi sasa maana yake ni kitu kinachotokea mara chache sana.

Dancille aligeuka, akautazama Nyiragongo na moshi wake.

"Lakini kinatokea," akasema.

"Mara chache sana," Madamu akasema.

"Ndiyo. Lakini kinatokea."

Nilitamani kulia pale barzani kwa watu. Maneno yote hayo ya Waingereza Dancille alikuwa anayapima kwenye kitu kimoja tu, na kitu hicho kilikuwa mwanangu. Lakini jina la mutoto hakuliuliza. Siku zinapita, anauliza hili na lile, hilo analiruka. Alikuwa anaogopa. Njiani nikamuambia, "Usipouliza wewe, nitauliza mimi, na unajua nilivyo na mudomo."

Akauliza. Mutoto alikuwa amekaa chini na karoti, anatafuna. Madamu mwenyewe ndiye aliyefungua njia, akasema, "Mtoto huyu mzuri anaitwa nani?"

"Jina lake lote ni Ol in gud taim," Dancille akasema. Alilisema vizuri, kwa heshima, kama mutu anayetaja jina la askofu. "Baba yake alimupa, kutoka Kampala. Nilitaka Madamu aniambie linasema nini."

Madamu alicheka kwanza. Hakucheka vibaya, alifurahi, alidhani ni muchezo. Kisha akamutazama Dancille na kicheko kikamuishia usoni. Akaweka burashi chini.

"Mlimuuliza nini, akajibu hivyo?"

"Tuliuliza mutoto aitwe nani."

Akapangusa vidole vyake vya rangi. Nikamuambia aseme, sisi si mayai. Akasema polepole, anatafuta maneno. Kwamba si jina. Kwamba ni kitu kinachosemwa kwa mutu anayeomba jambo kabla ya saa yake: ngoja, yote yatakuja, usinisukume. Akaharakisha kuongeza kwamba ni maneno ya zamani sana, mazuri, saa njema ndani yake ni saa iliyoiva, kama unavyosema tunda limeiva.

"Si maneno mabaya," akasema. "Mama yangu aliniambia hivyo kila nilipoomba keki."

"Na keki ilikuja?" Dancille akauliza.

Madamu alikuwa mutu wa kweli. Angeweza kudanganya.

"Mara nyingine," akasema.

Dancille akashukuru, akainua kikapu, akasahau kuchukua malipo ya karoti. Tukapanda hadi Birere. Mutoto alikuwa ananiuliza mugongoni hiki ni nini, kile ni nini, nikamujibu kila kitu, ilimradi pasiwe kimya.

Dancille hakurudi nyumbani moja kwa moja siku iliyofuata. Alikwenda kungoja kamiyo ya Kataliko, akamungoja hadi alipofika, nami nilimufuata kwa sababu sikumuamini na uso ule. Hakumugombeza. Alimuuliza kitu kimoja tu.

"Papa Donat, alipokuwa anasema maneno yale, alikuwa na sauti gani? Usinipambie."

Kataliko alinitazama mimi. Nikatazama pembeni. Akavua kofia.

"Alikuwa anapakua supu," akasema. "Muzungu anaita, sahani zinangoja. Nilimuuliza, akasema vile bila kunigeukia. Niliona aibu kukuletea hivyo, mama. Nikadhani nitamukuta tena safari nyingine, atoe jina kwa utulivu. Nilirudi mara nyingi. Mwingereza yule alikuwa amehama na wapishi wake wote, hakuna aliyejua kwenda wapi."

"Asante," Dancille akasema.

Jamani, kuna watu wanaolia na kupiga kelele, na unajua la kufanya nao. Yeye alirudi, akafagia mbele ya nyumba. Akakoka moto, akapika maharagwe, mengi, zaidi ya tunavyokula. Kisha akaita watoto wa jirani, akawavunjia vijiti, akamupa kila mumoja kijiti chake. Nilipoelewa anachofanya, nikakaa chini.

Wakalima. Na binti yetu, kwa sababu alikuwa tayari mukubwa wa kutembea na kubishana, naye akadai kijiti. Akalima siku ya jina lake mwenyewe, ulimi nje, akisukuma wenzake. Wakala. Wakaanza kutaja majina, mumoja akasema Sukari, mwingine akasema Malkia, na yeye alipoona kila mutu anataja, akapaza sauti akasema Karoti. Tulicheka, hata Dancille alicheka. Kisha akamubeba, akaja, akamuweka mapajani pangu.

"Mama," akasema, "mutaje."

"Nenda Kibati ukamuite Habarurema."

"Hapana. Wewe ndiye uliyemuzaa baba yake. Mutaje wewe."

Mimi niliyemufokea tangu siku ya nane! Mimi niliyesema mutoto si kuku! Sasa zamu ilikuwa yangu, na sikuitaka. Nilijua ninachoombwa. Nikitaja jina, nimemuweka mwanangu upande wa wale tuliowazika, na huenda saa hiyo alikuwa anapika mahali, muzima, ameshiba, anapiga muluzi kama alivyozoea. Nilimutazama Dancille nikitumaini ataniachia. Alikuwa amepiga magoti mbele yangu, na hakuondoa macho. Alikuwa amengoja vya kutosha kwa ajili yetu sote wawili, na alikuwa amechoka, na mimi ndiye mutu pekee aliyeweza kumutua ule muzigo. Nikauona uchovu wake. Kwa nini sikuuona mapema, sijui.

Nikamushika mutoto paji lile la uso.

"Nyirahabimana," nikasema. Yaani, Mungu yuko. Sikuwa na kingine cha kumuambia. Baba yake hayuko, Mungu yuko.

Dancille alirudia jina, mara moja, taratibu, akilisikiliza. Kisha akaingia ndani akalia, na nilimuacha alie, nikagawa maharagwe yaliyobaki.

Sasa mutoto ameshalizoea, anaitika haraka. Na mwanangu siku akitokea, maana mimi sijaacha kumungoja, mimi ni mama yake, atamukuta musichana anacheza mbele ya nyumba, na atalazimika kumuuliza kama mugeni yeyote apitaye njiani: wewe mutoto, unaitwa nani? Nimemuandalia matusi ya siku hiyo, mengi. Lakini ningependa niwe nimekaa hapo karibu, niisikie tu ile sauti yake ikiuliza.